Siku Tuliyoivisha Kompyuta Kanga

Kompyuta yangu ina tundu ubavuni. Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba humo ndimo inamokaa akili yake, kwa sababu ukilibonyeza linatema kipande cheusi cha plastiki, chembamba kama biskuti. Kila Ijumaa nilikuwa nakitoa, nakipangusa kwa kitambaa safi, na kukirudisha kwa heshima zote. Nilikuja kuambiwa na fundi wa Ruangwa, huku akicheka hadi akashika meza asianguke, kwamba ile plastiki haina kitu. Ni kizibo tu. Kazi yake ni kuzuia vumbi hadi siku utakapopata kadi ya kweli ya kuingiza pale.

"Mtani," aliniambia akifuta machozi, "miaka miwili unauosha mlango, ukidhani ndiye mgeni!"

Kompyuta yenyewe nilipewa na mwalimu wetu wa masomo ya jioni, pale Nachingwea, matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka. Nilikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote darasani. Wapo wenzangu niliowahi kuwabeba mgongoni walipokuwa wachanga, na mtihani wa hesabu niliurudia mara nyingi hadi maswali yakawa yananiamkia. Umeme ulikuwa unakatika karibu kila jioni, na mwalimu hakuwa mtu wa kusimamishwa na giza. Aliendelea kusoma kutoka kichwani, sauti yake ikielea juu yetu kama moshi wa jikoni, nasi tukakaa kimya tukayashika yale maneno kwa masikio, maana kalamu hazikuwa na pa kutua. Kesho yake nilikuwa nayaandika yote, neno kwa neno. Hilo si chumvi. Mengine nitakayosema humu yapime mwenyewe, lakini hilo ni kweli tupu.

Mwalimu alipohamishwa alisema zawadi ya mtu aliyevumilia kuliko wote ni kitu kilichovumilia kuliko vyote. Akaniwekea kompyuta mikononi. Uzito wake ulikuwa wa gunia la korosho. Ukiiwasha asubuhi, unapata nafasi ya kwenda shamba, kupalilia matuta mawili ya mihogo, kurudi, kunawa miguu, na ndipo inakuuliza wewe ni nani.

Sehemu zake zilikuwa zinakufa moja moja, taratibu, kama taa za majirani zinavyozimwa. Kwanza zilikwenda herufi, nikatafuta kibodi ya pembeni. Kile kibao cha kusugua kwa kidole kikafuata, nikatafuta kipanya. Spika zake za ndani zikanyamaza, nikapata mbili za nje, zenye waya mfupi na sauti nene. Hata diski ikajaa, nikaongeza nyingine ya kubebeka. Mwisho wa yote kompyuta ilikaa katikati ya meza na viungo vyake vimeizunguka, kama ndugu waliokuja kuuguza.

Niliipenda hivyo hivyo. Miezi ya mikorosho kuchanua nilikuwa naiwasha mchana, naacha dirisha wazi, harufu ya maua inaingia, na kwa mbali mashine za kupulizia salfa zinanguruma mashambani kama nyuki wakubwa wenye mawazo mengi. Feni ya kompyuta nayo inanguruma. Ilikuwa inafika mahali sijui tena ipi ni ya ndani na ipi ni ya shambani, nami nasinzia, na vumbi la manjano linatua kwenye kibodi kama unga wa ndoto. Sikujua wakati huo kwamba lile vumbi linatua na kwingine.

Shangazi yangu, dada wa baba, anakaa Lionja, na ni kungwi. Kwao harusi huanzia kwa wanawake. Wanamweka bibi harusi ndani, wanamfunda, halafu asubuhi wanamtoa kwa ngoma. Kwenye ngoma ile mwanamume haingii, hachungulii, na akiwa na akili haulizi. Shangazi alifanya kazi hiyo maisha yake yote pamoja na rafiki yake wa tangu utoto. Shangazi alipiga ngoma, rafiki akaimba. "Mimi mkono, yeye mdomo," ndivyo alivyokuwa akisema.

Kulikuwa na wimbo mmoja wa mwisho, wa kumtoa bibi harusi mlangoni, na huo ulikuwa wa yule rafiki peke yake. Ulikuwa mrefu, wa Kimwera cha zamani, na desturi yake ni kwamba wanawake waliopo wanaupigia vigelegele kuanzia mstari wa kwanza. Kwa hiyo wote waliucheza, wote waliushangilia, na hakuna aliyewahi kuusikia vizuri. Hata shangazi, aliyekaa hatua mbili tu kutoka kwa mwimbaji. "Masikio yangu yalikuwa kwenye ngozi ya ngoma," alisema.

Rafiki yake akafa. Kabla hajafa alimshika shangazi mkono na kumwambia, "Mjukuu wangu asije akatoka kimya kimya." Shangazi akaahidi. Na sasa mjukuu huyo, binti mzima, muuguzi, alikuwa anaolewa Jumamosi.

Shangazi aliniita siku kumi kabla. Nilimkuta amekaa kitandani, mbele yake sanduku la bati limefunguliwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa. Wewe si umesoma usiku?"

"Nimesoma, shangazi."

"Basi soma na hiki."

Akafunua kanga tatu, moja ndani ya nyingine, na katikati ikalala kamera ndogo ya kanda, ya kijivu. Miaka mingi iliyopita mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa anafundisha shule ya jirani aliruhusiwa kuingia kwenye ngoma, akasimama begani kwa mwimbaji na kurekodi. Alipohama akawaachia vyote, kamera na kanda, ili picha zile zisiende kutembea mahali wasipopajua. Ndani ya kanda ile rafiki wa shangazi alikuwa bado anaimba.

Niliigeuza kamera huku na huku. Kioo chake kidogo kilikuwa kimekufa. Tundu la waya wa televisheni lilikuwa limezibwa na nyigu, wale wanaojenga kwa udongo. Walikuwa wamejenga nyumba nzuri kabisa, hata kuivunja niliona huruma, na nilipoivunja pini za ndani zikang'oka nayo. Lilibaki tundu moja tu, dogo kuliko punje ya hindi, limefunikwa na kifuniko cha mpira. Kebo yake ilikuwepo. Kompyuta yangu haikuwa na tundu la kufanana nalo.

"Inawezekana?" shangazi aliuliza. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama kamera, kama mtu anayemwangalia aliyelala akihesabu pumzi zake.

Mimi ni mtu ambaye jibu lake la kwanza kwa kila kitu ni ndiyo. Nikasema, "Hiyo ni kazi ya dakika tano."

Ilikuwa kazi ya siku nane, na ndiyo iliyonifikisha kwa fundi wa Ruangwa, mtani wangu wa Kimakonde, kibanda chake karibu na stendi. Nilisafiri na kompyuta mapajani, na njiani nikaota kwamba nimebeba mtoto wa mtu, namuuliza jina, naye anasema subiri, bado najiwasha.

Fundi alipomaliza kunicheka juu ya kile kizibo, alishusha boksi la sabuni kutoka juu ya kabati. Lilikuwa limejaa kadi. Kadi za sauti, kadi za mtandao, za kuongeza matundu ya flashi, zote zimelala pamoja kama nguo za kauka nikuvae za marehemu wengi. Alizipekua kwa kidole, akivuma wimbo, hadi akatoa moja yenye tundu dogo sana kwenye ncha.

"Hii hapa. Zamani watu wa video walizigombea. Sasa zinanizeekea humu kama mabinti wa mfalme."

Akaisukuma ubavuni mwa kompyuta. Ikaingia, ikalia *tik*, na hapakutokea kitu. Akaitoa, akaingiza taa ya simu kwenye tundu, akaguna.

"Wewe unalala na kompyuta shambani?"

"Naiweka dirishani."

"Mtani, humu mna salfa ya kutosha ekari mbili! Ona, shaba imekuwa nyeusi. Salfa na shaba haziishi nyumba moja."

Alichukua ufutio wa penseli, ule wa watoto wa shule, akaukata vipande vyembamba kama kucha, akavishika kwa kibanio na kusugua meno ya tundu moja baada ya jingine. Kadi nayo akaisugua hadi ikang'aa. Nilikaa pale nusu siku nikiangalia mkono wake ukienda na kurudi, mabasi ya Lindi yanaingia na kutoka, na nadhani nilisinzia macho wazi, kwa sababu aliposukuma tena ile kadi na kompyuta ikalia *ding* niliitika, "Naam."

"Usiifunike, usiitie vumbi, na ikipata joto iache ipumue," alisema. "Feni yake ni bibi kizee. Na kofia yako nabaki nayo mimi. Siku utakaponieleza kilichomo kwenye hiyo kanda, njoo uichukue."

Ni haki yake kama mtani. Niliondoka kichwa wazi.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, tukakutana Lionja. Shangazi alikuwa amewakusanya makungwi wenzake sita na binti yake, yaani binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mdomo mkali kuliko panga la kupasulia mnazi. Tangu utoto ananiita mume wangu, kwa utani wa mabinamu. Simu zote ziliwekwa kwenye tenga, tenga likafunikwa ungo. Bibi harusi hakuruhusiwa kuwepo. Alikuwa nyumba ya pili, na kila baada ya muda alimtuma mtu kuja kuuliza: imekubali?

Mpango ulikuwa hivi. Kompyuta ingekaa ndani ya chumba cha shangazi, juu ya kinu kilichopinduliwa, kioo kikiwatazama wanawake. Mimi ningekaa ukumbini, nje ya mlango, na mlangoni ingening'inia kanga. Kibodi na kipanya nilikuwa navyo mimi, nyaya zikipita chini ya kanga. Spika pia zilikaa kwangu, kwa sababu soketi iko ukumbini na waya wake, nilishasema, ni mfupi. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kila kiungo kilichokufa katika ile kompyuta. Ingekuwa nzima, mtu ambaye haruhusiwi kuona angeiendeshaje?

Niliingiza kadi, *tik*. Kebo kwenye kadi, kebo kwenye kamera, diski ya nje ya kuhifadhia picha, kibodi, kipanya, spika. Halafu nikatoka, kanga ikashushwa.

"Kimshale kiko wapi?" niliuliza.

"Kiko juu, karibu na saa," binamu akajibu kutoka ndani.

"Na sasa?"

"Kinashuka. Kinashuka. Kushoto kidogo. Si kushoto hiyo!"

"Kushoto ni moja tu duniani."

"Basi yako ni ya pili. Kimepotea."

"Kimepoteaje?"

"Kimeingia pembeni kikajificha, mume wangu. Kama wewe siku ya kulima."

Wanawake wakacheka. Nikasogeza kipanya juu ya mkeka, taratibu, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, hadi binamu akasema, "Hapo! Bonyeza." Nikabonyeza. Kamera ikaanza kuzunguka, sauti ya kijigurudumu kidogo kilichoamshwa baada ya usingizi mrefu.



Kutoka kwenye spika zilizo miguuni kwangu ukaja upepo. Upepo wa asubuhi nyingine, wa miaka mingi nyuma. Kikohozi cha mtu. Jogoo. Kuku yule kaliwa zamani, mifupa yake imekuwa udongo, lakini aliwika ukumbini pale hadi jogoo wa shangazi, nje, akamjibu.

"Yule," nikasikia shangazi anasema. Neno hilo tu, nikajua rafiki yake ametokea.

Nyimbo za mwanzo zilipita, na wanawake waliimba nazo, wanazijua. Nilikaa nimeegemea ukuta, macho kwenye kanga ya mlangoni iliyokuwa inapumua ndani nje, ndani nje, na mwanga wa kioo ukiipenya kwa rangi ya maji. Dakika arobaini zilikwenda hivyo. Sijui nilikuwa upande upi wa usingizi nilipoisikia feni ya kompyuta ikibadili sauti. Ilikuwa inahema.

"Huko ndani kuna kitu kimeifunika?" niliuliza.

"Tumeisitiri tu, baba," alijibu shangazi.

"Mmeisitiri vipi?"

Binamu ndiye aliyenieleza. Kwenye kabati la shangazi kuna kioo kikubwa, na kungwi mmoja aliona mwanga wa picha unacheza humo. Wakahofia kwamba kupitia kioo kile na upenyo wa kanga naweza kuona. Kwa hiyo waliivisha kompyuta. Kanga moja kiunoni, nyingine mabegani, ya tatu wameizungushia ubavuni kuficha zile nyaya, "maana zilikaa vibaya." Kioo cha kompyuta tu ndicho kilichobaki nje, kama uso wa mama aliyetoka msikitini.

Nilifungua mdomo niseme ivueni upesi, na hapo hapo ule wimbo ukaanza.

Sikuambiwa kwamba ndio wenyewe. Nilijua kwa vigelegele. Mara tu yule marehemu alipotoa neno la kwanza, wanawake saba mle ndani walifanya walichokuwa wakifanya maisha yao yote: walipiga vigelegele. Hawakukusudia. Miili yao ilikumbuka kabla ya akili. Nyumba ilitetema, nakwambia bati la paa lilinyanyuka kidogo likakaa tena. Mle ndani hakuna aliyesikia neno hata moja.

Lakini spika zilikuwa kwangu. Niliinama, nikaweka sikio, na sauti ya yule mama ikaingia ndani yangu bila kubisha hodi. Ilikuwa nzito na ya polepole, kama mtu anayesimulia huku anachambua mboga. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Nikafumba macho na nikawa darasani tena, umeme umekatika, sauti inaelea, kalamu haina pa kutua. Mstari baada ya mstari. Nyuma ya sauti, ngoma ya shangazi, changa, yenye nguvu ambazo mikono ile haina tena. Halafu ngoma ikanyamaza ghafla, yule mama akavuta pumzi, na kompyuta ikazima.

Ilizima yote kwa mara moja. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Tuliivua. Niliruhusiwa kuingia. Nilipoishika ilikuwa ya moto kiasi cha kuchoma mhogo. Makungwi wawili waliipepea kwa ungo, mmoja huku mmoja kule, wakiipa pole. Tulisubiri. Ilipowaka na kuuliza wewe ni nani, nilitafuta kwenye diski ya nje kilichohifadhiwa, nikakuta jina la faili tu. Ndani mtupu. Bahati mbaya picha za namna ile hazikai hadi umalize na kuzifunga, na sisi hatukumaliza.

"Turudishe kanda nyuma," nikasema. Nilibonyeza mwenyewe. Kamera ikazunguka, ikakwama, ikatoa sauti ya mbuzi anayetafuna mfuko. Nilipofungua kimlango chake, utepe ulitoka wa kahawia, umekunjamana, umekatika mara mbili, pale pale.

Shangazi alikaa kitandani. Hakulia na hakunilaumu, ingawa mimi ndiye niliyesema dakika tano. Aliuchukua ule utepe akaanza kuunyoosha juu ya goti lake kwa kidole gumba, polepole, kama anayenyoosha ukili.

"Mjukuu wake atatoka kimya," alisema.

Mtu aliyetumwa na bibi harusi alibisha hodi tena. Imekubali? Kungwi mmoja akamrudisha.

Nilirudi ukumbini. Nilikaa pale mkekani na kibodi yangu isiyo na kazi, na ule wimbo ulikuwa umenijaa hadi kooni. Mwanamume hapaswi kuyasikia maneno ya wimbo ule, na tulipopanga spika hakuna aliyelifikiria hilo. Anayesikia anafanya nini? Nilijaribu kuusahau kidogo nikaona unang'ang'ania. Mwishowe nikasema, nikiiangalia kanga:

"Shangazi. Mimi nimeusikia."



"Umesikia nini?" aliuliza binamu. Hakuniita mume wake.

"Wimbo. Spika zilikuwa huku."

Nilisikia minong'ono. Mmoja alisema haijawahi kutokea. Mwingine akasema ni aibu. Wa tatu, mzee kuliko wote, akasema aibu ni kumdanganya maiti. Kisha kitanda kililia, na nyayo za shangazi zikaja hadi mlangoni. Niliviona vidole vya miguu yake chini ya kanga.

"Wewe ni mwongo, baba," alisema kwa upole. "Tangu mdogo. Ulimwona nyoka wa hatua mbili ukaja kutuambia wa hatua ishirini."

"Kweli, shangazi."

"Leo usiongeze hata neno moja. Na usipunguze."

"Siongezi."

"Geukia ukutani. Na ninyi," sauti yake ikarudi chumbani, "atakayepiga kigelegele namtwanga kwa mchi."

Niligeukia ukutani. Ukuta ulikuwa na ufa mdogo wenye umbo la mto, niliufuata kwa macho kutoka juu. Nikaimba. Sauti yangu ni ya mtu anayeita mbuzi, lakini niliyaweka maneno pale pale alipoyaweka, na pumzi pale alipovuta. Nisiyoyaelewa niliyapitisha hivyo hivyo, yamefungwa, kama mtu anayebeba barua ya mwenzake. Nyuma yangu wanawake saba walikuwa wamejiziba midomo kwa kanga. Nilisikia mtu akisema "aa", taratibu, kwenye mstari wa nne, kama aliyepata alichokiangusha zamani. Kisha kidole kikaanza kugonga juu ya mbao ya mlango. Ngoma. Shangazi alikuwa ananipigia.

Nilifika pale ngoma iliponyamaza. Kidole chake kikanyamaza. Nikavuta pumzi, kama yule mama, na sikuwa na kitu cha kusema baada yake.

"Hapa ndipo ilipozima," nikasema. "Mstari wa mwisho sina."

"Ninao mimi," alisema shangazi. "Huo hauna ngoma."

Akauimba. Kwa miaka yote ile huo ndio mstari pekee ambao mikono yake ilikuwa imepumzika, na masikio yake yakapata nafasi. Aliuimba nyuma ya kanga, karibu na mgongo wangu. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Waliniimbisha mara tatu, binamu akishika mstari kwa mstari, kisha wakaniambia nenda kale.

Jumamosi asubuhi nilikaa mbali, kwenye mikorosho, umande bado kwenye majani, maua yameanguka kidogo juu ya kompyuta yangu ambayo nilikuwa naondoka nayo. Ngoma ilianza. Vigelegele vikapanda, na chini yake, najua, kulikuwa na sauti ya binamu yangu. Sikusikia neno. Kisha ngoma ikakatika, kukawa na nafasi ndogo kama ya kupepesa jicho, na sauti ya pili, ya kizee, ikapita peke yake juu ya miti. Baadaye nilimwona bibi harusi kwa mbali akipelekwa, amefunikwa, mabega yanatikisika. Analia, au anacheka.

Kadi ile niliitoa ubavuni, nikaifunga kwenye kitambaa, na kile kizibo cha plastiki nikakirudisha mahali pake. Kofia yangu iko Ruangwa hadi leo. Kila nikipita fundi ananionyesha, ameitundika msumarini, ananiuliza kulikuwa na nini kwenye kanda, nami namwambia jogoo. Hilo naruhusiwa.

Na kila nikifika Lionja, kabla sijakaa, shangazi ananitazama.

"Umeusahau?"

"Nimeusahau, shangazi."

Anatikisa kichwa, anasogeza sahani ya mihogo mbele yangu. "Mwongo," anasema, na anacheka.